Kidole Chenye Akili Timamu

Fundi alikuwa sebuleni akichovya mkate kwenye chai, mwanawe mkubwa alipomwambia mgeni, mbele yake, kwamba mama yake huyu siku hizi hajielewi. Miguu ya Fundi ikatoweka papo hapo, kuanzia nyayo hadi vifundo. Alimaliza chai kwanza, kisha akamwita mjane wa marehemu mwanawe wa kati.

"Nivalishe soksi, mwanangu, nisije nikakanyagwa."

Mjane akamvalisha. Ndiye aliyemwogesha, aliyemkata kucha na kukesha naye kikohozi kilipombana, na ndiye ambaye Fundi alitaka kumwachia nyumba ile, aliyoijenga kwa kushona sare za shule na nguo za harusi za watu. Alikwisha kumwita wakili. Wakili akasema hana pingamizi, ila daktari athibitishe kwanza kwamba mwenye wosia ana akili timamu.

Kuanzia hapo wanawe wawili waliobaki wakawa hawakauki pale nyumbani. Mkubwa alisema "hajielewi". Mdogo, ambaye nyumbani walimwita Sawa-Kaka, aliitikia. Kila waliposema, kiungo kimoja kilikwenda: magoti, kiuno, mabega, hatimaye uso. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kubwa. Jirani alipofuata sketi aliyoshonewa, aliliamkia gauni la Fundi shikamoo, nalo likaitikia marahaba.

Siku daktari alipofika pamoja na wakili, palikuwa na gauni la maua limekaa wima kitini, kilemba kikielea juu yake, na soksi mbili zimetulia chini.

"Leo ni siku gani?" daktari akamwuliza mwana mkubwa.

"Jumanne," gauni likajibu. "Na mimi niko huku, baba. Huyo uliyemgeukia hata siku yake ya kuzaliwa humkumbusha mimi."

Sawa-Kaka alicheka, akamtazama kaka yake, akaacha.

"Ana watoto wangapi?" daktari akamwuliza tena mwana.

"Nilizaa watatu, mmoja nikamzika. Hawa wawili wanataka nyumba. Huyu niliyeachiwa na marehemu anataka nipone kikohozi. Nyumba ni yake. Andika."

Daktari akaandika kwamba sauti ilisikika, lakini mwenye sauti hakuonekana, na kwa hiyo akili zake hazikuweza kupimwa. Wosia ukafa kabla ya mwenyewe.

Ndipo mwana mkubwa alipotoa kotini hati ya kumhamishia yeye nyumba, pamoja na kidau cha wino.

"Mama, lete mkono."

Fundi akakunja ngumi. Sawa-Kaka akaipapasa mikono ya gauni mpaka akaupata wa mama yake, akamkunjua vidole kimoja kimoja kama anayemenya kitunguu. Kidole gumba kilipogusa wino, kikatokea: cheusi, chenye kovu la sindano ya cherehani, mbele ya wote. Daktari akakikagua, akaridhika kuwa ni kidole cha mtu mzima. Kikabanwa juu ya hati, na wakili akatia sahihi ya ushahidi.

"Shemeji," mjane akasema, "si sasa hivi tu mmesema hana akili za kugawa mali yake?"

"Za kuandika wosia hana. Hapa anaweka dole tu. Tangu lini dole likahitaji akili?"

"Sawa, kaka," akasema Sawa-Kaka, ingawa hakuulizwa yeye.

Jioni, mabegi ya mjane yakiwa yameshatolewa barazani, aliomba dakika chache, akaleta beseni na sabuni. Fundi alikuwa akilia. Machozi yenyewe hayakuonekana, ila gauni lilikuwa limelowa kifuani. Mjane akakishika kile kidole, kitu pekee cha mama mkwe wake alichoweza kukiona, akaanza kukisugua taratibu.

"Msikioshe," mwana mkubwa akasema kutoka mlangoni. "Kesho kuna karatasi za umeme."