Randa Yenye Tundu

Babu yangu hakuwahi kushika msumeno maishani mwake. Alikuwa karani, mikono laini kama ya mtoto mchanga, na mlango ukilia alikuwa anamwita bibi. Nasema hili mapema ili mnielewe nilivyochemka kwa hasira.

Fundi seremala alikuwa bibi, mama yake mama. Alipofariki, sanduku lake la zana lililetwa kwetu na hakuna aliyelitaka. Likakaa stoo mpaka kila kitu kikaliwa na kutu. Nikamwomba mama.

"Chukua," akasema, "ila usinichafulie sebule."

Basi likizo yote nilikuwa uani na lile sanduku. Patasi nilizilowesha kwenye siki, kisha nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka dada zangu wakanikimbia kwa harufu. Meno ya msumeno nilinoa moja moja kwa tupa. Randa ndiyo ilinitesa kweli. Ni ya mbao, nzito kama tofali, na kisu chake kilikuwa kimeganda humo ndani kama kimezaliwa nayo. Nilikigonga, nikakipaka mafuta, nikakibembeleza, nikakitukana. Siku kilipotoka nilikinoa kwenye jiwe, nikakirudisha, nikasukuma randa juu ya ubao. Yakatoka maranda membamba, unaona mwanga upande wa pili. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Jioni hiyohiyo nikaanza kumtengenezea mama stuli ya kufulia.

Halafu akaja mjomba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, yeye akiwa hayupo, maana hata akiomba chumvi unadhani ameshika kipaza sauti. Alipoziona zile zana zinang'aa, macho yakamtoka.

"Ala! Hizi si zana za mzee?"

"Za bibi," nikasema, kwa sauti ambayo hata sisimizi asingeisikia.

"Unasemaje?"

"Hakuna kitu, mjomba."

Ndivyo nilivyo. Maneno yanafika kooni yanageuza.

"Nafungua mgahawa," akasema. "Nitazitundika pale ukutani, watu wajue tumetoka wapi."

"Lakini nazitumia, mjomba."

"Unatumia kufanyia nini, binti? Siku hizi kuna mashine!"

Nikamwangalia mama. Mama akaangalia chini. "Mpe mjomba wako, mwanangu. Ni mkubwa."

Wakati zimejaa kutu hakuna aliyekumbuka kuwa ni mkubwa!

Siku ya ufunguzi tukaenda, tumevaa tukapendeza. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa, zana zote juu yake. Patasi zimepakwa vanishi mpaka kwenye makali. Makali niliyoyanoa mimi! Na randa, jamani, randa ilikuwa imetobolewa. Mtu alichukua drili akapitisha katikati ya tumbo lake, palepale inapoteleza juu ya mbao, akaikaza kwa skrubu. Chini, kwa herufi za dhahabu: ZANA ZA BABU YETU, SEREMALA HODARI.

Wageni walikuwa wanapiga picha. Mheshimiwa naye anawaeleza, "Baba alijenga nyumba yetu yote kwa hizi, dirisha kwa dirisha."

Sijui miguu ilinipelekaje. Fundi umeme alikuwa bado anafunga taa ya mwisho. Nikamwomba bisibisi, akanipa bila kuuliza. Nikavuta kiti, nikapanda, nikaanza kufungua.

Mjomba akaja mbio, anatabasamu kwa ajili ya wageni, meno yamebana. "We mtoto, shuka. Unanivunjia heshima."

"Unajua ni za bibi," nikasema. Sauti ilitetemeka kama kifaranga kilicholowa, lakini ilitoka.

"Najua! Nimekaa chini ya meza yake ya kazi tangu nikiwa natambaa, nisijue?" Akashusha sauti. "Sasa niwaambie nini hawa watu? Kwamba mama yangu alikuwa anapanda mapaa ya watu, baba akitoka ofisini anapika?"

"Ndiyo. Waambie hivyohivyo."

"Watacheka."

"Wacheke! Nyumba aliyojenga si mlilala humo? Ada si alizilipa kwa zana hizi?"

Wageni wakageuka kutuangalia, nami nikairudia skrubu kwa nguvu. Kiti kikaanza kuyumba. Nikahisi kimeshikwa. Nikaangalia chini, ni mama, kanga begani, mikono miwili kwenye mguu wa kiti.

"Mwambie huyu mtoto ashuke," mjomba akamwambia.

"Atashuka akimaliza," mama akajibu. Kisha akawageukia wageni, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Seremala alikuwa mama yetu. Kaka amekosea kuandika."

Mheshimiwa akaenda kuangalia jikoni kama kuna kinachoungua.

Tulirudi na kila kitu ndani ya mfuko wa sokoni. Tundu la randa nimeliziba kwa kipande cha mti mgumu na gundi, nikasawazisha, lakini bado inachora mstari kwenye kila ubao. Patasi nazikwangua vanishi hadi leo. Mjomba amepiga simu kwa mama, anasema niombe radhi. Mama amemwambia niko uani, nina kazi.

Na kweli ninayo. Kila nikikwangua, hasira inapanda upya, nami nakwangua.