Tisini na Nne kwa Mia

Dawa ya kutoa madoa ilikuwa imemla kucha tatu, na bado kila shuka lenye doa gumu kutoka hospitalini liliishia mezani kwake. Miaka kumi na tisa alisimama katika kiwanda cha kufulia, akiyanusa, akiyainua kwenye mwanga, akiamua: hii damu, hii kutu, hii iodini. Wenzake walimwita Mama Madoa.

"Jumatatu tunakaguliwa," meneja alitangaza. "Wanapima kama kampuni iko tayari kutumia akili bandia. Jamani, si mchezo. Tukifeli, wenye mali wanafunga milango."

"Mkaguzi wa moto tulimpa chai," mpiga pasi akasema. "Huyu wa akili tumpe nini?"

"Tumpe zetu!"

Wakacheka, na meneja naye akacheka.

Basi wakajiandaa kama kwa mkaguzi yeyote: wakapaka rangi, wakapanga mafaili, wakakariri majibu. Mama Madoa alifanya zaidi. Mdogo wake wa kike alisafishwa figo mara mbili kwa wiki kwa kadi ya bima aliyoipata Mama Madoa kazini. Kazi ikienda, kadi nayo inakwenda. Kwa hiyo alilitoa daftari lake la siri, kila doa na dawa yake. Mdogo wake, mwenye mwandiko mzuri, akalinakili upya kitandani, akipumzika kila baada ya ukurasa.

Mkaguzi, mwanamke mpole mwenye kishikwambi, alilipekua akapiga mluzi. "Dada, hii ni hazina. Kwingine haya mambo yamo vichwani mwa watu, tunahangaika kuyatoa."

Mama Madoa akavimba kichwa. Alieleza mpaka koo likamkauka. Alipoombwa aiweke mikono yake chini ya kamera, aliiweka.

Walipata tisini na nne kwa mia. Wakapiga vigelegele, mpiga pasi akacheza juu ya rundo la taulo. Wiki iliyofuata orodha ya wanaoachishwa kazi ikabandikwa mlangoni: meza ya madoa, wote sita, mwisho wa mwezi.

Alimfuata meneja ofisini.

"Ulisema tukifeli wanafunga."

"Na ni kweli."

"Na tukifaulu?"

"Hilo hamkuuliza, mama."

Mwizi angalau hukimbia. Hawa waliomwibia ujuzi walikaa vitini wakapigiwa vigelegele.

"Wewe tunakubakiza kidogo, na kadi yako," meneja akaongeza. "Utaisimamia mashine iliyofundishwa kwa daftari lako. Ikikosea, irekebishe. Ikiacha kukosea, utuambie."

Sasa ameketi mbele ya skrini. Shuka linapita, mashine inaandika: kutu. Ni kutu. Tangu asubuhi haijakosea hata mara moja. Alhamisi mdogo wake anatakiwa hospitalini.

Mashine inaandika: damu. Ni damu. Akibonyeza "kosa", shuka litachemshwa kama la doa jingine, damu itaganda humo humo, na mgonjwa mwingine atalilalia.

Meneja anachungulia mlangoni. "Vipi, mama, bado inakosea?"

Kidole cha Mama Madoa kiko juu ya kitufe, na shuka linalofuata limekwisha kufika.