Mji wa Vitofali wa Baba Silasi

Sabuni ndiyo iliyonifungua macho. Mwanamume anayefanya kazi Bunda na kurudi kwake Kigera kila Jumamosi hana sababu ya kuiba sabuni nyumbani kwake. Lakini kila Jumatatu Alfonce, mume wangu, alikuwa anaondoka na kipande cha mche kwenye mfuko wa koti, akidhani simwoni. Nimeuza samaki katika soko la Musoma miaka yote ya shida. Nilikuwa namwona mgambo kabla hajakata kona. Kipande cha sabuni kitanipita vipi?

Baada ya sabuni, mswaki wa zamani ukapotea. Halafu siku moja nafua suruali yake, nikakuta mfukoni kigurudumu cheusi cha plastiki, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Sabuni, mswaki, gurudumu la mdoli. Nikajumlisha, na jibu likawa moja: Bunda kuna mtoto anaogeshwa.

Niseme wazi kilichoniuma, maana si wivu wa kawaida. Tuna mtoto mmoja wa kiume, Silasi. Mwaka wa themanini na tatu, wakati tunafulia majani ya mpapai na duka la ushirika lina chumvi tu na kalenda, Silasi alipanda mtumbwi na wenzake kwenda upande wa Kenya kuleta sabuni. Hatujamwona tena, wala mtumbwi wenyewe haujaonekana. Watu wakasema wamezama. Mimi nasema Silasi yuko Kenya. Wapo waliokaa kule miaka bila hata salamu, wakarudi na redio begani. Kwa hiyo huyo yuko Kenya, na sitaki mabishano.

Shemeji Wambura, kaka yake Alfonce, yeye aliyataka mabishano. Alikuja kutoka Bugwema, kwenye boma lao, amevaa koti la kanisani, nikajua kimenuka. Kwa ukoo wao, mwanamume mzima aliyepotea na maiti haikuonekana huzikwa kwa tunda la mwegea, lile refu zito, likavishwa shuka na kulazwa kaburini kama mtu. Ila hazikwi hivihivi. Kijana mkubwa hawezi kutolewa kwenda kuzikwa kutoka jikoni kwa mama yake kama mtoto mchanga. Lazima kwanza ajengewe nyumba yake karibu na lango la boma, iezekwe, itiwe mlango. Mlango ukishafungwa kwenye bawaba, msiba unaanza.

"Shemeji," nilimwambia, "mjengee mwanangu nyumba ya kumlilia, nitaichoma kwa mkono wangu."

"Basi Alfonce aoe," akasema, anasimama na chai haijaisha. "Apate kijana mwingine. Boma halikaagi hivi."

Alfonce alikuwepo. Alitazama sakafu mpaka kaka yake akaondoka. Ukimya ule sikuusamehe. Mke mwenza ningemvumilia, nimeona wanawake wengi wamevumilia. Lakini kijana mwingine wa kiume maana yake Alfonce amemhesabu Silasi maiti. Hilo ndilo nililokuwa nalinusa kwenye ule mswaki.

Petronila ndiye aliyeniongezea kuni. Anauza mitumba Bunda, na huja kwangu kuchukua dagaa. Akakaa kwenye ndoo, akaanza na habari za watu wengine kwanza, kama kawaida yake.

"Mama Silasi, kwani shemeji ana mjukuu kule Bunda?"

"Mjukuu wa nani?"

"Mimi sijui bwana. Ila robota likifunguliwa pale sokoni, yeye ndiye wa kwanza. Nguo haangaliagi hata! Anachambuaga midoli tu. Vile vitofali vya plastiki vya kupachikana, vya rangi rangi. Akipata kimoja anachekaga peke yake."

Nilimpimia dagaa pungufu siku hiyo bila kukusudia. Akanirudisha kopo, nikaongeza.

Jumamosi Alfonce alipokuja nilimpikia sato, nikakaa mkabala naye. Sikupayuka. Mtu anayeficha ukimpayukia anajifunga kama kobe.

"Pale unapokaa kuna watoto wengi?"

"Wapo."

"Wanapenda midoli?"

Mkono wake ukasimama juu ya ugali. "Watoto wote wanapendaga midoli," akasema, akamega tonge ambalo hata mtoto asingeshiba. Nikasema moyoni, nimekushika.

Jumatano nikamwachia jirani meza yangu ya samaki, nikapanda basi. Ndani ya khanga nilifunga mchi mdogo wa kutwangia vitunguu. Sikuwa nimeamua ni wa kumpiga nani. Makutano ya Butiama walishuka watu wakateremsha mabati mapya juu ya basi, maana siku hizo kila mwenye pamba yake alikuwa anajenga. Mimi kila bati niliona ni la mwanamke wa Bunda.

Nilipofika nikaelekezwa kwenye ua wa vyumba vya kupanga. Mwanamke kijana alikuwa anafua, mikono imejaa povu. Nikamtazama tumbo, nikamtazama mgongo kama kuna mtoto. Hakuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Alfonce anakaa hapa?"

"Mzee wa mizani ya pamba? Chumba kile cha mwisho. Hajarudi kazini."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi naitwa Gati, ndiye mwenye nyumba. Na wewe?"

"Mkewe."

Akaacha kufua, akanifutia kigoda kwa khanga yake. "Afadhali umekuja, mama. Umwambie. Mwanaume mzima anajifungiaga ndani, anacheza. Wapangaji wanasema ni mganga."

"Anacheza na nani?"

"Peke yake. Asikuambie mtu, hata mimi naogopaga kumdai kodi."

Sikumwamini. Mwanamke anayekufutia kigoda upesi hivyo, mwangalie mara mbili. Nikakaa nimeukumbatia mchi mpaka jua likashuka nyuma ya paa na Alfonce akaingia uani, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele. Aliponiona mfuko aliobeba ukamponyoka.

"Mama Silasi! Kuna msiba?"

"Fungua mlango."

"Ngoja kwanza nikueleze..."

"Alfonce. Fungua."

Akafungua. Nikaingia mbele yake, mchi nimeutoa, namtafuta mwanamke. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani na mkeka umekunjwa pembeni. Mume wangu, mtu mzima mwenye mgongo mbovu, alikuwa analala chini. Na katikati ya chumba, juu ya mbao zilizoinuliwa kwa vigogo, karibu zifike ukuta hadi ukuta, kulikuwa na mji.

Sijui niuelezeje. Nyumba nyekundu, nyeupe, manjano, zote za vitofali vya plastiki vyenye vinundu juu, vimebanana bila gundi. Stendi ya mabasi, na basi lenye magurudumu meusi. Kiwanda cha pamba, na mbele yake pamba ya kweli imerundikwa. Kanisa. Duka la ushirika lililofunguka upande mmoja, rafu zimejaa, na nje hakuna foleni. Kando ya ukuta ametandika nailoni ya bluu, ndiyo ziwa. Ziwani hakukuwa na mtumbwi hata mmoja.

Chini kulikuwa na makopo ya maziwa yenye vitofali vilivyochambuliwa kwa rangi, na karai lenye mswaki wangu na sabuni yangu.

Nilicheka. Nilikaa kwenye sakafu ya mwanamume yule nikacheka mpaka Gati akachungulia dirishani. Hakuna mwanamke! Hakuna mtoto! Mzee mzima anaosha midoli!

Alfonce aliponiona nacheka akapata nguvu, ulimi ukafunguka. Akanionyesha jinsi maungio ya tofali la juu yasivyotakiwa kukaa juu ya maungio ya tofali la chini, sawa na mafundi wa nyumba za kweli. Akaniambia alianza na vitano alivyovikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba, akavipachika tu kupoteza jioni, kesho yake akajikuta sokoni anatafuta vingine. Akang'oa paa la kanisa nione viti vilivyomo. Macho yake yalikuwa ya kijana aliyenichumbia. Nilimpenda tena, na niseme hivyo hivyo, nilimpenda.

Halafu nikaliona boma.

Lilikuwa pembeni kabisa ya mji, kwenye kona iliyobanwa na ukuta. Uzio wa vitofali vya kijani, ndani yake nyumba kubwa nyeupe, na mkono wa kulia kama nilivyoitazama, nyumba ndogo nyekundu. Kicheko kikanikauka. Mtu wa mjini angeona nyumba mbili tu. Mimi nimezaliwa bomani. Kwetu nyumba ya mke mkubwa hutazama lango, na mkono wa kulia wa anayeingia langoni hujengewa mke wa pili. Hata mtoto anayechunga ndama anajua hilo.

"Hii ya nani?"

Akaanza kurudishia paa la kanisa.

"Nakuuliza, Alfonce. Hii nyekundu ya nani? Umeshampata, au bado Wambura anakutafutia?"

"Mama Silasi, shusha huo mchi."

"Ningekukuta na mwanamke ningejua moja. Wewe unapanga kabisa! Unakaa hapa unanipangia mke mwenzangu na sabuni yangu!" Nikainua mchi juu ya ule mji, na naapa ningeshuka nao.

Alinishika mkono, bila kuuminya, akanivuta taratibu kuzunguka mbao. Ilibidi tupite ubavu ubavu, kule kwenye kona, mpaka migongo yetu ikagusa ukuta.

"Sasa tazama ukiwa hapa," akasema.

Lango lilikuwa upande ule. Nilikuwa nimelitazama boma kutoka nyuma. Kutoka hapa nyumba kubwa nyeupe ilinitazama usoni, na ile ndogo nyekundu haikuwa mkono wa kulia tena. Ilikuwa mkono wa kushoto, huku mbele kabisa, imeegemea lango. Pale hajengewi mke. Pale hujengewa kijana wa kiume akishaota ndevu.

Mchi ulikuwa mzito ghafla. Nikauweka chini.

"Alikuwa ameniomba," Alfonce akasema. "Kabla hajaenda. Aliniambia baba, nikirudi nijenge pale langoni. Nikamwambia utajenga ukioa. Basi nimejenga mimi."

Nikakiangalia kile kijumba. Kilikuwa na kidirisha, na paa la vitofali vyeusi. Alikuwa amekipanga vizuri kuliko kanisa. Na hapo shaka yangu yote, ambayo nilidhani imekwisha, ikarudi imebadilika sura, maana nyumba ya kijana langoni hujengwa kwa sababu mbili, na kwa macho zote mbili zinafanana.

"Baba Silasi. Umemjengea arudi, au umemjengea tumzike?"

Alikwangua kinundu cha tofali kwa kucha. Nje Gati alimwaga maji ya kufulia.

"Haijaisha," akasema mwishowe. "Mlango bado sijapata. Kwenye marobota kuna kila kitu, milango haipatikani. Huwa ipo midogo, ya kufunguka na kufungika kabisa. Niliiona mara moja, Petronila akaiuza na kapu zima kwa mtu wa Mwanza."

"Na ukiupata?"

"Nikiupata nitaupachika."

"Halafu?"

"Halafu nitakwenda Bugwema, kwa kaka," akasema, na hakunitazama.

Nililala pale, kwenye mkeka, chini ya ule mji. Asubuhi nilimwambia nitamsindikiza sokoni kabla ya basi langu. Alifurahi kama bwana harusi. Petronila alikuwa amefungua robota jipya, midoli imemwagwa kwenye turubai, na aliponiona na Alfonce akaziba mdomo kwa kiganja, mbea yule. Tukachuchumaa, mume wangu upande ule, mimi upande huu, tukachambua.

"Tofali la bluu hili hapa," namwambia.

"Lete! Zuri hilo. La ziwa."

"Na hili?"

"Limepasuka, acha."

Nikauona chini ya mkono wa mdoli uliokatika. Mlango. Mwekundu, na fremu yake, una kitasa kidogo kama mbegu ya ufuta. Nikausukuma kwa ncha ya kidole, ukafunguka. Nikausukuma tena, ukafungika.

Nikatazama upande wa pili wa turubai. Alfonce alikuwa ameinamisha kichwa, anapuliza vumbi kwenye tofali la manjano, midomo imechongoka kama anapuliza uji wa mtoto.

"Umepata kitu?" akauliza.

"Takataka tu," nikasema.

Siku hizi sabuni haibebi kwa kuficha. Mimi mwenyewe namkatia kipande Jumatatu, na mswaki mpya nimemnunulia. Akirudi Jumamosi ananihadithia mji umefika wapi: ameongeza shule, ameongeza bomba la maji. Mtumbwi bado hajaweka. Nikimuuliza boma, anasema liko vilevile, mlango umekuwa adimu, na wakati mwingine ananitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, anaangalia mikono yangu.

Acha aangalie. Mikononi hamna kitu. Mlango wa mwanangu uko kwenye pindo la khanga, nimeufunga mafundo mawili, na hautapachikwa popote mpaka mwenyewe aje aufungue.