Springi ya Bunduki na Baridi ya Kalinzi

Haya alinisimulia Domitila wa Kalinzi, kijiji cha milimani, tukipalilia maharage mwaka jana.

Nguruwe pori walikuwa wakimaliza mihogo yake yote. Mumewe, Herman, alikuwa na bunduki ya bei nafuu yenye komeo la kuvuta kwa mkono. Alipoijaribu mjini Kigoma, risasi zilipanda vizuri kuingia kwenye mtutu. Kalinzi, alfajiri, alimfyatulia nguruwe risasi, akamkosa, akavuta komeo, na risasi ya pili haikupanda.

"Baba Noel, nayo inawaogopa nguruwe kama wewe?" Domitila alimtania mumewe, lakini jambo lenyewe lilimkereketa. Kwa nini mjini ikubali, huku igome?

Herman alitoa risasi zote, akabonyeza springi inayozisukuma juu. Ilirudi kwa uvivu, na kidole kikabaki na utando mwekundu.

"Uliipaka nini?" Domitila akauliza.

"Mawese. Si mafuta?"

Domitila akainua chupa ya jikoni, akaipindua. Mawese hayakutiririka.

"Tazama, baridi imeyagandisha! Mjini kuna joto, ndiyo maana."

Wakaisafisha springi kwa mafuta ya taa, wakaikausha.

Alfajiri iliyofuata risasi ya pili ilipanda, na nguruwe mkubwa akaanguka. Wenzake wakatokomea. Domitila akazunguka shamba, akaikuta mihogo iliyobaki salama. Aliporudi nyumbani, Herman alikuwa anakoroma. Naye akajilaza, usingizi ukamchukua.