Maji Meupe ya Zipora

Zipora wa Chang'ombe haogopi mtu, na mtaa mzima unalijua hilo. Lakini asubuhi ile alikuwa na hofu, ndiyo maana alikuwa anafoka ovyo. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Yotham, alikuwa amekata shauri: maji machafu ya mashine yake ya kukamua alizeti yasiposafishika leo, mashine inafungwa, na alikuwa amekuja kushuhudia mwenyewe.

Yalikuwa maji ya kuoshea mafuta. Yakitoka huwa meupe kama tui, mafuta yamejichanganya humo kwa vitone vidogo vidogo, hata uyaache wiki nzima hayaelei. Yaliteremka hadi bustani ya jirani yake, Raheli, na mchicha wa Raheli ulikuwa unakauka tuta baada ya tuta. Raheli naye alikuja, akaketi juu ya gunia la mashudu ya alizeti, mikono kifuani.

Tegemeo la Zipora lilikuwa Witness, binti wa kaka yake, anayesoma kemia chuo kikuu. Alileta utando wa polima alioutengeneza maabara, mweupe, mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Akaufunga chini ya bomba pana lililosimamishwa, akamimina maji meupe kwa juu.

"Utapitisha maji, mafuta yatabaki," alisema.

Wakangoja. Halikupita hata tone.

"Kama ni kuota jua, ningeota kwangu," alisema Raheli.

Witness akaufungua utando, akaugusa, akaunusa. "Shangazi, umeupaka nini?"

"Mafuta, tena ya mkamuo wa kwanza! Sasa nisingeupaka?"

Kwa Zipora, kitambaa kipya cha kuchujia mafuta hakiingii kwenye mashine kabla ya kuloweshwa mafuta, ndipo kipitishe vizuri. Jana jioni, Witness alipouleta utando, Zipora aliuona umelala mkavu mezani, akauonea huruma. Mazoea yana taabu.

"Huu si kitambaa, shangazi. Huu unapenda maji. Ukishayanywa maji, mafuta hayapati pa kuingia. Wewe umeyakaribisha mafuta kwanza."

Zipora akakaa chini. Mwenyekiti akatazama saa, akakohoa.

"Mzee, shikamoo yangu naomba iniongezee muda kidogo," alisema Witness, na Mzee Yotham akacheka bila kupenda. Binti akaomba maji ya vuguvugu na sabuni. Akauosha utando taratibu, akausuuza, akaulaza kwenye sufuria ya maji safi mpaka ukalowa wote. Zipora hakumkosoa hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Chang'ombe.

Wakaufunga tena, wakamimina.

Likatoka tone. Likafuata jingine, kisha uzi mwembamba wa maji, maangavu kabisa, yakajaa kwenye jagi la kioo hadi vidole vya Witness vikaonekana upande wa pili. Juu ya utando yakabaki mafuta mazito ya manjano. Hakuna moto uliowashwa, hakuna dawa iliyotiwa.

Mzee Yotham akavua kofia. Akainama kuchungulia chini ya bomba, akaona ni ile ngozi tu, na vitundu vyake hata havionekani kwa macho.

"Bwana Yesu," alisema kwa sauti ndogo. "Imejuaje kuchagua?"

Zipora mwili ulimsisimka. Maisha yake yote alidhani anayajua mafuta na maji. Alijiona mdogo mbele ya kitu kile chepesi, na alifurahi kujiona hivyo.

"Raheli," mwenyekiti akasema, "bustani ni yako. Nifunge mashine au nisifunge?"

Raheli akachovya kidole kwenye jagi, akakisugua kwa kidole gumba akitafuta utelezi. Akanusa. Akasugua tena. Kisha akalichukua jagi lote, akalikumbatia.

"Funga uone," alisema. "Kiangazi hiki nani mwingine ana maji ya kumwaga kila siku? Zipora, kesho naleta bomba, yaje moja kwa moja kwangu. Na ole wako umpe mtu mwingine."