Mlango wa Iris

Bibi Hazel ana miguu mibovu na mdomo mzima. Alipokuwa akizipanda ngazi za ukuta mkongwe unaozunguka mji wetu wa Derry, Ireland ya Kaskazini, nilimwambia hata ile mizinga ya kale ya vita ya ukutani ingemtangulia kufika juu. Akajibu kwamba mizinga haina mjukuu mvivu wa kuichelewesha.

Kisha akatazama chini Bogside, mtaa wa Wakatoliki. Huko dada yake, Iris, alikuwa amelala ndani ya jeneza.

Iris aliolewa na Mkatoliki, na baba yao akapiga marufuku jina lake mezani. Miaka ya mabomu kati ya pande hizo mbili ikaja, sisi Waprotestanti tukahamia ng'ambo ya mto, dada wawili wakazeeka wakitenganishwa na daraja. Redio ilipotangaza kifo cha Iris, Bibi alisema jambo moja tu: anataka kuuona uso wa dada yake.

Nikamwambia twende basi. Akasema nyumba yenye maiti haiendewi bila kuitwa. Kwetu Waprotestanti ndivyo: wafiwa hujifungia, jeneza hufunikwa, wengine hukutana nao kanisani. Tukakaa siku mbili tukiitazama simu. Asubuhi ya mazishi akasema tukasimame ukutani, labda watu wa Iris watamwona wamwite.

Jeneza likatoka nyumbani kwa Iris, mabegani mwa wanaume. Bibi akashuka bila kuningoja. Nilipomfikia, Cathal, mtoto wa Iris, alikuwa ameshamshika mkono. Alimjua kwa pua. Ni ileile ya mama yake.

"Mama mdogo, tulikuwekea kiti pale kichwani pake," alisema. "Siku mbili mlango uko wazi."

"Nilikuwa nangoja mniite."

"Msibani anaitwa nani? Mtu anaingia tu. Mama mwenyewe alituambia, Hazel akija msimuulize kitu, mpeni chai."

"Basi nifungulieni nimwone."

Cathal akainamisha kichwa. "Tumeshakaza skrubu za kifuniko, mama. Padri anatungoja."

Bibi akauliza kichwa kiko upande gani. Wakalishusha jeneza kidogo, akaweka kiganja pale juu ya mbao, mvua ikimlowesha mkono wa koti.

Tuliporudi nyumbani aliuacha mlango wa mbele wazi. Baridi ikajaa sebuleni. Nikainuka kuufunga, akanikataza.

"Uache," akasema. "Mtu anaingia tu."

Tulikaa na makoti yetu mwilini, chai ikipoa. Hakuingia mtu.