Goti la Mama Kihiyo

Jana, baada ya ugali wa mchana, nilijinyoosha mkekani nikaota jambo ambalo naliandika kama lilivyo. Safari hii siongezi chumvi.

Mzambarau wa nyuma ya nyumba unaingia sebuleni, umeinama usigonge dari. Panga langu linaufuata.

"Asubuhi ulinibandua gome," mti unasema. "Hodi ulipiga vizuri. Mgonjwa ulimtaja nani?"

Kwetu Lushoto dawa haichumwi kimyakimya. Unapiga hodi kwenye shina mara tatu, unautajia mti jina la mgonjwa na kinachomsumbua, ndipo unabandua kipande kidogo upande wa jua kuchomoza. Kuzungusha, yaani kubandua gome kulizunguka shina lote, ni mwiko. Mti uliozungushwa hufa.

"Nilimtaja mke wangu, Mama Kihiyo," nasema. "Goti. Mwezi wa tatu huu hawezi kuchuchumaa."

"Anadanganya," panga linasema. "Alisema ni dawa ya sultani aliyeng'atwa na mamba."

"Nilitania tu. Nimestaafu, jamani. Siku ni ndefu."

"Dawa imeshafika kwa sultani," mti unasema. "Anaendelea vizuri. Anakusalimu."

"Na mke wangu je?"

"Kwangu jina likishatajwa limetajwa. Yeye tumtafutie mti mwingine."

Hapo sebule ikawa msitu, nami nimesimama katikati yake, miguu imezama udongoni hadi vifundoni. Mti mwingine ulio karibu ni mimi tu. Mzambarau unalishika panga, unanigonga ugokoni mara tatu, kwa adabu kabisa.

"Hodi. Mgonjwa ni Mama Kihiyo. Goti."

Ningeweza kukataa. Nikakumbuka anavyopapasa ukuta akienda msalani, na anavyojifanya anakagua rangi.

"Karibu," nasema. "Ila tafadhali usizungushe."

"Hilo litategemea goti lenyewe."

Haikuuma. Ilisikika kama mtu anafungua bahasha polepole.

Nilipoamka, Mama Kihiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anapuliza makaa kama msichana.

Nikapandisha suruali. Ugokoni, upande mmoja tu, palikuwa na mstari wa upana wa vidole vinne usio na unywele hata mmoja. Nikaugusa. Ulikuwa mbichi.

"Baba Kihiyo," akasema bila kugeuka, "ile dawa yako imenikubali. Kesho niletee nyingine."